Somo la Nne: Wito wa Juri, Namna ya Kuujibu na Namna ya Kumtambua Tapeli Anayeutumia

Utangulizi

Bahasha yenye jina la mahakama inapoonekana katika sanduku la barua, wengi wetu huishika kwa hofu. Kwa msomaji aliyekulia Afrika Mashariki au Kongo, kuitwa mahakamani kwa kawaida kulikuwa na maana mbili: ama umeshtakiwa, ama umetajwa kuwa shahidi. Hapa Marekani iko maana ya tatu, nayo haina uhusiano na kosa lolote ulilotenda. Mahakama inaweza kukuita uje uketi pamoja na raia wengine, msikilize kesi ya watu msiowajua na kuitolea uamuzi. Huo ndio wito wa juri.

Jambo hili limewekwa katika kijitabu cha walaji kwa sababu hofu hiyo imekuwa mtaji wa matapeli. Hupiga simu wakidai kuwa ni maofisa wa mahakama, na kusema kwamba umepuuza wito wa juri na kwamba utakamatwa usipolipa mara moja. Anayeelewa wito halisi ulivyo hadanganyiki kwa urahisi. Kwa hiyo tutaanza na wito wa kweli, kisha tuje kwa ule wa uongo.

Kanuni ya kushika tangu mwanzo ni hii: wito wa kweli huomba jibu lako, wala hauombi fedha zako.

Juri ni nini

Juri ni kundi la raia wa kawaida wanaosikiliza ushahidi mahakamani na kuamua ukweli wa mambo. Jaji husimamia mwenendo wa kesi na kuwaeleza sheria, lakini swali la kama mshtakiwa ana hatia, au kama mdaiwa anawajibika, huamuliwa na wajumbe wa juri. Haki hii imo katika Katiba ya Marekani: Marekebisho ya Sita yanahusu kesi za jinai na Marekebisho ya Saba yanahusu kesi za madai. Yote mawili yaliridhiwa mwaka 1791.

Msomaji kutoka Tanzania anaweza kukumbuka wazee wa baraza. Mfanano upo, kwa kuwa wote ni watu wasio wanasheria wanaoshiriki katika kutoa haki. Hata hivyo, katika Mahakama Kuu ya Tanzania wazee wa baraza hutoa maoni, na jaji hafungwi na maoni hayo. Juri ya Marekani hutoa uamuzi wenyewe. Katika mahakama za shirikisho uamuzi wa kesi ya jinai ni lazima uwe wa kauli moja, na mwaka 2020 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba hakuna jimbo linaloweza kumtia mtu hatiani kwa kosa kubwa bila kauli moja ya juri. Ndiyo maana kiti kimoja katika juri kina uzito: mjumbe mmoja asiyeridhika anaweza kuzuia mtu asitiwe hatiani.

Ziko juri za aina mbili. Juri ya kesi husikiliza kesi moja hadi mwisho. Katika mahakama za shirikisho huwa na wajumbe 12 kwa kesi ya jinai, na kati ya 6 na 12 kwa kesi ya madai. Juri kuu huwa na wajumbe kati ya 16 na 23, nayo haiamui hatia. Kazi yake ni kupima kama upo ushahidi wa kutosha wa kumfungulia mtu mashtaka. Soma barua yako uone umeitwa katika ipi, kwa maana juri kuu inaweza kudumu kwa miezi mingi, ingawa kwa kawaida haikutani kila siku.

Jina lako lilipatikanaje

Majina huchaguliwa kwa bahati nasibu. Mahakama za shirikisho hutumia orodha za wapiga kura, na mara nyingi huongezea orodha za wenye leseni za udereva. Mahakama nyingi za majimbo nazo huchanganya orodha mbalimbali. Kwa kuwa leseni ya udereva hutolewa pia kwa wasio raia, barua hizi huwafikia watu ambao hawaruhusiwi kabisa kuketi katika juri. Kupokea barua si uthibitisho kwamba unastahili. Mahakama inakuuliza tu, na sheria inakutaka ujibu.

Nani anastahili

Sheria ya mwaka 1968 inayosimamia uteuzi wa juri katika mahakama za shirikisho inamtaka mjumbe awe:

1. Raia wa Marekani mwenye umri wa miaka 18 au zaidi;
2. Mkaazi wa wilaya ya mahakama hiyo kwa mwaka mmoja au zaidi;
3. Mwenye uwezo wa kusoma, kuandika na kuelewa Kiingereza kwa kiwango cha kutosha kujaza fomu ya sifa, na mwenye uwezo wa kukizungumza;
4. Mwenye afya ya akili na ya mwili inayomwezesha kufanya kazi hiyo;
5. Asiyekabiliwa na mashtaka ya kosa linaloadhibiwa kwa kifungo cha zaidi ya mwaka mmoja, wala hajawahi kutiwa hatiani kwa kosa la namna hiyo, isipokuwa kama haki zake za kiraia zimerejeshwa.

Majimbo yana masharti yake, ambayo hufanana na haya lakini hayalingani katika kila jambo. Kwa mfano, Katiba ya jimbo la New Mexico inakataza mtu kunyimwa nafasi katika juri kwa sababu tu hajui Kiingereza, hivyo mahakama za huko humpatia mkalimani. Fuata maelekezo ya barua uliyoipokea, si ya jirani aliyeko jimbo jingine.

Kama wewe si raia

Sehemu hii isomwe kwa makini na kila mwenye grini kadi, mkimbizi, mwenye hifadhi, mwanafunzi na mwenye kibali cha kazi.

Fomu itauliza: je, wewe ni raia wa Marekani? Jibu ukweli, kwamba wewe si raia, utie sahihi na kuirudisha. Kwa kawaida shauri huishia hapo, na mahakama huliondoa jina lako kwa wito huo. Usiiache fomu droo kwa kufikiri kwamba haikuhusu.

Hatari kubwa zaidi ni kujibu "ndiyo" kwa kutoelewa swali, au kwa kudhani kwamba mkaazi wa kudumu ni sawa na raia. Sheria ya uhamiaji ya Marekani huona dai la uongo la uraia kuwa jambo zito. Linaweza kumfungia mtu njia ya kupata uraia, na hata kumweka katika hatari ya kuondolewa nchini. Fomu ya maombi ya uraia, N-400, humuuliza mwombaji kama amewahi kudai kuwa raia wa Marekani, kwa maandishi au kwa njia nyingine yoyote. Alama moja iliyowekwa mahali pasipo pake leo inaweza kuulizwa miaka mingi baadaye. Ikiwa umekwisha kujibu vibaya, au umegundua kwamba jina lako limo katika orodha ya wapiga kura ilhali wewe si raia, onana na mwanasheria wa uhamiaji aliyesajiliwa kabla ya kuandika jambo jingine lolote.

Kinyume chake nacho si halali. Raia anayeandika kwamba si raia ili akwepe utumishi anatoa taarifa ya uongo kwa mahakama.

Hatua za kujibu

Katika mahakama nyingi za shirikisho barua huja mara mbili. Ya kwanza ni fomu ya maswali kuhusu sifa zako. Ya pili, ambayo huenda ikaja miezi kadhaa baadaye au isije kabisa, ni wito wenye tarehe ya kufika. Baadhi ya mahakama huziunganisha zote mbili.

Hatua ya kwanza. Fungua bahasha siku hiyohiyo na usome jina la mahakama, namba ya mjumbe uliyopewa, na siku ya mwisho ya kujibu. Fomu ya sifa ya mahakama ya shirikisho hutakiwa kurudishwa ndani ya siku 10.

Hatua ya pili. Jaza fomu kwa ukweli. Kama Kiingereza chako hakitoshi, sheria inaruhusu mtu mwingine akujazie, mradi aeleze katika fomu kwamba yeye ndiye aliyeijaza na kwa sababu gani. Mwanao au jirani anaweza kufanya kazi hiyo, ila aandike majibu yako, si anayodhani yeye kuwa yatapendeza.

Hatua ya tatu. Rudisha fomu kwa posta au kupitia tovuti iliyotajwa katika barua. Tovuti za mahakama za shirikisho huishia na uscourts.gov. Weka nakala ya fomu, hata kama ni picha katika simu.

Hatua ya nne. Ukipata tarehe ya kufika, piga namba ya taarifa au tazama tovuti jioni ya siku iliyotangulia, kama barua inavyoelekeza. Kesi nyingi humalizika kwa makubaliano dakika za mwisho, na huenda ukaambiwa usifike.

Kuomba kuahirishiwa au kusamehewa

Sheria inatambua kwamba maisha yana mizigo. Ikiwa kufika kwako kutaleta taabu kubwa au usumbufu wa kupita kiasi, unaweza kuomba tarehe nyingine au kuomba usamehewe. Mama anayenyonyesha, mtu anayemuuguza mgonjwa peke yake, au mwenye upasuaji uliokwisha pangwa anayo sababu ya kuieleza. Mahakama nyingi za shirikisho huwasamehe, wakiomba, wenye umri wa zaidi ya miaka 70 na waliowahi kutumikia juri ya shirikisho katika miaka miwili iliyopita. Askari walio katika utumishi wa jeshi, pamoja na polisi na zimamoto wa kulipwa, hawahusiki kabisa.

Ombi litolewe mapema na kwa maandishi, pamoja na uthibitisho kama vile barua ya daktari. Usichukue ukimya wa mahakama kuwa ni kibali. Mpaka upate jibu, tarehe yako bado ipo.

Kazi yako na malipo yako

Hofu ya pili ya wengi ni ajira. Sheria ya shirikisho inamkataza mwajiri kumfukuza, kumtisha au kumshurutisha mfanyakazi wa kudumu kwa sababu ya utumishi wake katika juri ya shirikisho. Mwajiri anayeikiuka anaweza kutozwa hadi dola 5,000 kwa kila kosa kwa kila mfanyakazi, na kuamriwa amrudishe mfanyakazi kazini. Majimbo nayo yana sheria za kumlinda mfanyakazi. Mwonyeshe msimamizi wako wito mara tu unapoupata, na ukimaliza uombe mahakamani cheti cha mahudhurio.

Kulindwa kazi, hata hivyo, si sawa na kulipwa mshahara. Sheria ya shirikisho haimlazimishi mwajiri binafsi akulipe kwa siku ulizokuwa mahakamani. Mahakama ya shirikisho hulipa dola 50 kwa siku, na kesi ikipita siku 10 kiasi hicho kinaweza kufika dola 60, pamoja na nauli. Malipo ya majimbo hutofautiana sana. Huko Massachusetts mwajiri hulipa mshahara wa kawaida kwa siku tatu za kwanza, kisha jimbo hulipa dola 50 kwa siku. Huko Texas, tangu mwaka 2023, malipo ni angalau dola 20 kwa siku ya kwanza na dola 58 kwa kila siku inayofuata. Mwenye kulipwa kwa saa apige hesabu hii mapema. Akiona kwamba kesi ndefu itamwacha bila kodi ya nyumba, hiyo ni taabu anayoruhusiwa kuieleza mahakama.

Siku ya kufika

Siku hiyo utapita ukaguzi, utajiandikisha na kungoja. Kisha jaji na mawakili huwauliza walioitwa maswali ili kuona kama kuna anayemfahamu mhusika wa kesi au mwenye jambo litakalomzuia kutenda haki. Jibu kwa ukweli. Kuondolewa katika hatua hii si aibu wala si adhabu. Ukichaguliwa, usizungumzie kesi nje ya chumba cha mashauriano, na usiitafute katika intaneti. Uamuzi ni lazima utokane na ushahidi uliotolewa mahakamani tu.

Usipojibu

Anayepuuza wito wa mahakama ya shirikisho anaweza kuamriwa afike mbele ya mahakama kujieleza. Akikosa sababu ya msingi, anaweza kutozwa faini isiyozidi dola 1,000, kufungwa kwa muda usiozidi siku tatu, kuamriwa kufanya kazi za jamii, au kupewa zaidi ya moja ya adhabu hizo.

Zingatia mpangilio huo: mtu huitwa kwanza ajieleze, na adhabu hutolewa na jaji. Hakuna ofisa anayepiga simu kukusanya faini hiyo.

Wito wa tapeli

Tuchukue mfano wa mama anayefanya kazi zamu ya usiku katika ghala. Wiki tatu zilizopita alipokea bahasha ya mahakama akaiweka juu ya friji bila kuifungua. Asubuhi moja, akiwa amelala, simu inaita. Namba inayoonekana ni ya ofisi ya sherifu wa kaunti yake. Sauti ya upole inamtaja kwa jina lake kamili na anwani yake, inajitambulisha kwa cheo na namba ya beji, inataja jina la jaji ambaye kweli yupo, kisha inasema: ulikosa kufika kwa juri, na hati ya kukukamata imekwisha kutolewa. Unaweza kuepuka kufungwa ukilipa dhamana sasa hivi. Usikate simu, na usimwambie mtu, kwa kuwa shauri ni la siri.

Mama huyu anakumbuka bahasha iliyo juu ya friji, na hapo ndipo tapeli anapompatia. Tapeli hana habari ya bahasha hiyo. Ameipigia simu namba baada ya namba, na amemfikia mtu ambaye dhamiri yake haijatulia. Laiti angaliifungua na kuijibu, angalijua kwamba hadaiwi kitu.

Dalili za utapeli ni hizi:

1. Unatakiwa kulipa kwa kadi za zawadi, kwa sarafu za kidijitali, kwa programu za kutumiana fedha, au kwa kuingiza noti katika mashine iliyoko dukani au kituo cha mafuta. Mahakama hazikusanyi faini kwa njia hizo.
2. Unaulizwa kwa simu namba yako ya hifadhi ya jamii, ile ambayo wengi huiita "sosho", au namba ya kadi ya benki. Mahakama za shirikisho hazidai habari hizo kwa simu, na mawasiliano yao na wajumbe kwa sehemu kubwa hufanyika kwa posta.
3. Unatumiwa kiungo cha tovuti inayofanana na ya serikali, nayo inakutaka uingize tarehe ya kuzaliwa na namba hiyo ili "kuona faini yako".
4. Unakatazwa kukata simu au kumshirikisha mtu.
5. Unaharakishwa. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, nayo mahakama haina haraka ya namna hiyo.

Namba inayoonekana katika simu si ushahidi, kwa maana matapeli wanaweza kuighushi. Kata simu bila kuomba radhi. Kisha tafuta mwenyewe namba ya ofisi ya karani wa mahakama, katika barua yako au katika tovuti rasmi, upige na kuuliza. Kama kweli ulikosa tarehe, karani atakueleza la kufanya, na mara nyingi ni kupangiwa tarehe nyingine.

Ikiwa umekwisha kulipa

Usijilaumu hata ukanyamaza. Piga simu mara moja kwa benki, kwa kampuni ya programu uliyotumia, au kwa kampuni iliyotoa kadi ya zawadi, na uombe fedha zizuiwe au zirudishwe. Tunza kadi na risiti. Toa taarifa kwa Tume ya Biashara ya Shirikisho, FTC, kupitia ReportFraud.ftc.gov. Ikiwa ulitoa namba ya hifadhi ya jamii, fuata maelekezo ya IdentityTheft.gov, na uzifungie taarifa zako za mikopo katika kampuni za Equifax, Experian na TransUnion. Huduma hiyo ya kufungia ni bure kwa mujibu wa sheria.

Wasimulie pia wazazi na wazee wanaobaki nyumbani mchana. Wao ndio wanaopokea simu wakiwa peke yao, na mara nyingi ndio wanaoiheshimu zaidi sauti inayojiita ya serikali.

Maswali ya kujipima

1. Una grini kadi na umepokea fomu ya juri. Je, uitupe? Hapana. Jibu kwamba wewe si raia, tia sahihi na uirudishe kabla ya siku ya mwisho.

2. Umeomba kusamehewa na hujajibiwa, na tarehe ni kesho. Ufanye nini? Wasiliana na ofisi ya karani. Usipopata jibu, fika.

3. Mwajiri anasema ukienda mahakamani usirudi kazini. Je, sheria inamruhusu? Kwa mfanyakazi wa kudumu aliyeitwa na mahakama ya shirikisho, hairuhusu. Mweleze karani wa mahakama jambo hilo.

4. Ofisa anakupigia simu na kusema ulipe dola 900 ndani ya saa moja ili usikamatwe. Je, ulipe nusu kwanza? Usilipe hata senti. Kata simu, kisha uipigie mahakama kwa namba uliyoitafuta mwenyewe.

Somo hili ni la elimu kwa umma na halichukui nafasi ya ushauri wa mwanasheria. Ikiwa ipo bahasha nyumbani mwako ambayo haijafunguliwa, ifungue leo.